Chumba Kimoja Kikavu

Nilirudi kutoka sokoni nikakuta mbingu ndani ya chumba changu cha kulala. Ilikuwa mwezi wa nane, jua kali. Fundi alikuwa ameketi juu ya ukuta, mguu mmoja ndani na mwingine nje, anang'oa misumari na kuitupa kwenye kopo. Mabati ya zamani yalikuwa yamelazwa uani, mekundu kwa kutu. Mimi sikuwa nimemwambia aanze. Mume wangu ndiye aliyempa ruhusa kwa simu.

"Mabati ya mupya iko njiani, Mama," fundi alisema. "Bwana anasema iko kwa treni. Juma moja tu, tunafunika."

Mume wangu ni mtu wa kilimo. Kazi yake iko Kasongo, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemhakikishia kwamba mzigo umeshapakiwa, naye akaamini. Anayeishi Kindu anaijua treni yetu: inasemwa imetoka, halafu inasemwa imelala njiani, halafu hakuna anayesema kitu tena. Juma moja likapita, la pili, la nne. Mwezi wa tisa ukaingia, shule ikafunguliwa, na mvua ya kwanza ikanyesha saa tisa mchana, nikiwa darasani mbele ya watoto wa mwaka wa tano. Niliisikia ikigonga bati la shule, nikaacha kuandika ubaoni. Nilikuwa nafikiria godoro langu.

Nyumba yetu iko Kasuku, si mbali na reli. Baba mkwe wangu aliijenga mwenyewe, zamani alipokuwa kijana wa kazi ya reli, kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Ina sebule katikati, chumba chake mbele, na vyumba viwili nyuma: chetu, kinachopakana na chake, na kile kilichokuwa cha watoto kabla hawajaenda kuanza maisha yao kwingine. Jiko liko nje, kibanda cha miti na udongo. Mpango ulikuwa tubomoe kuta za nyuma zilizochoka, tuzisimamishe upya kwa matofali ya kuchoma, tuweke simenti chini na mabati mapya juu ya nyumba nzima. Tungeanza nyuma, watu wakikaa mbele. Nyuma ikiisha, watu wangehamia nyuma. Kwa maneno ilikuwa rahisi.

Nilihamisha kitanda changu sebuleni. Vyombo, nguo, masanduku ya vitabu, cherehani, vyote vilikuja nyuma yangu, vikapangwa hadi karibu na dari. Nje fundi alifunga turubai la plastiki, shitingi ya bluu, juu ya vyumba vilivyo wazi, na upepo ulipokuja ilipiga kelele kama mtu anayekung'uta nguo nzito asubuhi hadi jioni. Mchanga uliletwa kutoka mtoni ukamwagwa mlangoni. Mvua ikaueneza uani kote. Nilikuwa nafagia mchanga asubuhi, naukuta kitandani jioni, natafuna mchanga ndani ya wali.

Katikati ya mwezi wa tisa fundi akaniita nione kitu. Alichukua kijiti, akakichoma chini ya ukuta uliotenganisha chumba chetu na chumba cha baba mkwe. Kijiti kiliingia chote, bila nguvu.

"Huu pia unakufa," alisema. "Nani alikuwa nalima hapa karibu ya nyumba?"

Nilimwambia ni sisi wote. Wakati wa vita, treni ilipokatika na mji ukafungwa, mashamba hayakufikika. Aliyetoka kwenda kutafuta muhogo hakuwa na hakika ya kurudi. Tulilima kiwanja chote: lengalenga, muhogo, mahindi, mpaka kwenye mguu wa nyumba. Tulilima hata chini ya madirisha. Mifereji ya kuondoa maji ya mvua tuliifukia ili tupate mistari miwili zaidi ya mboga. Miaka ile hakuna aliyefikiria ukuta. Maji yalisimama pale msimu baada ya msimu, yakaula udongo polepole kutoka chini, na vita vilipokwisha tulipaka chokaa juu tukasahau.

"Basi," fundi alisema, "muzee atoke. Chumba yake nayo tunafungua."

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, na haikuwa ya udongo.

Kwetu, mwanamke na baba wa mume wake hukaa kwa mbali. Mimi sikai naye meza moja. Yeye haoni kitanda changu, mimi siingii chumbani kwake. Nikimpelekea chakula, naweka juu ya meza ndogo mlangoni, nasema "Baba, chakula," naondoka. Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yote kati yetu yalipitia kwake. Alikufa muda mfupi baada ya vita, na tangu hapo yalipitia kwa mume wangu, hata kwa simu kutoka Kasongo: "Baba anasema chumvi imezidi." Watu wa nje wanaweza kucheka. Sisi tumeishi hivyo zaidi ya miaka thelathini, ndani ya nyumba moja, bila neno baya hata moja.

Sasa nyumba ilikuwa na chumba kimoja kikavu, sebule, na ndani yake kilikuwamo kitanda changu.

Nilinunua kitenge kipana, nikakitundika kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, nikagawa sebule mara mbili. Upande wa dirisha niliweka kitanda chake, kiti chake na redio yake. Nilipomaliza nilibisha mlango wake, nikamwambia kwa sauti kwamba kila kitu kiko tayari. Jioni nilipotoka kuandaa chakula nilimkuta jikoni, ameketi juu ya mkeka kati ya kuni na mafiga, blanketi mabegani. Mtu wa zaidi ya miaka themanini, macho yake yamefifia, goti moja halikunjiki.

"Baba, kitanda yenu iko ndani," nilisema.

"Nimeona," alijibu. "Hapa iko mzuri. Iko moto."

Nilidhani ni usiku mmoja. Siku tisa zikapita. Nilimpigia mume wangu, akazungumza na baba yake, kisha akanipigia tena na kusema, "Anasema hataki kuhamahama. Umwache." Ni rahisi kumwacha mtu ukiwa Kasongo. Mimi niliamka kila siku kabla ya jua, nikapika huku mzee ameketi nyuma yangu akikohoa kwa moshi, nikatazama upande mwingine ili nisimtazame akila. Kisha nilikwenda shuleni na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mchana nilirudi nikakuta fundi na wenzake wawili wamejikinga kwenye baraza. Kila siku walikuwa na sababu. Tofali haikauki vizuri. Simenti imeshika maji. Mvua ndiyo inakataza. Siku mbili hawakuja kabisa, walikuwa na kazi nyingine ng'ambo ya mto, Alunguli, na mtumbwi ulikataa kuvuka kwa upepo. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na neno moja tu, "kesho mapema," na alilisema kwa upole sana hata nikashindwa kumgombeza.

Siku ya kumi mvua ilikuja mchana, ile ya upepo. Tuliwaruhusu watoto mapema. Nilipanda pikipiki, tukateleza mara mbili, mara ya pili nikashuka nikatembea. Nilipoingia uani niliona shitingi imechanika, kipande kinapepea juu ya mti wa mpapai, na ukuta wa kati, ule wa kijiti, haukuwepo. Haukuwa umeanguka kwa kishindo. Ulikuwa umekaa chini, umerudi kuwa udongo, na maji ya kahawia yalikuwa yakitoka chumbani kwa baba mkwe kwenda chumbani kwangu, yakitokea mlango wa nyuma. Kabati la nguo zake lilikuwa bado limesimama ndani, peke yake.

Niliingia jikoni. Paa la jiko nalo lilikuwa linavuja. Moto ulikuwa umezimika. Alikuwa ameketi palepale, blanketi limelowa upande mmoja, ameshika sufuria ya wali kwa mikono miwili ili maji yasiingie. Alikuwa anatetemeka.

Sijui ni uchovu ulioongea au ni mimi. Nilisimama mlangoni, maji yakinitiririka, nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia.

"Baba, nyumba iko na chumba moja ya kukauka. Nimeosha, nimetandika, nimegawa na kitenge. Na weye unalala hapa jikoni, fasi ya mbuzi. Ukifia hapa watu watasema nini? Watasema mwalimu alimufukuza mukwe wake akalala jikoni."

Nilimwambia "weye," mimi niliyemwita "nyinyi" miaka yote kwa heshima. Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha.

Alivuta sufuria karibu na kifua. Mvua ilikuwa inapiga. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Heri waseme vile, Mukwe, kuliko waseme ingine."

Niliketi juu ya kuni. Sikuwa nimefikiria. Kwa siku tisa nilikuwa nimekasirikia ukaidi wa mzee, na mzee hakuwa mkaidi. Mume wangu yuko Kasongo. Mafundi watatu wanaingia na kutoka, majirani wanapita uani, na yeye alale chumba kimoja na mke wa mwanawe, nguo tu katikati? Aliogopa kwa ajili ya jina langu zaidi ya kifua chake.

Nikakumbuka msitu. Mwaka ule wa vita, mapigano yalipokaribia mji, tulivuka mto na kuingia ndani, watu sita: wakwe zangu, mume wangu, mimi na watoto wawili. Tulijenga kibanda cha majani, kidogo sana, na mvua ya huko haiulizi. Tulilala tumebanana, mama mkwe katikati. Baba mkwe hakuwahi kulala ndani. Alikaa mlangoni, mgongo kwetu, jani la mgomba kichwani, kila usiku, karibu miezi miwili. Mimi nilikuwa bado mke mgeni, nilidhani analinda. Labda alikuwa analinda. Tuliporudi tulikuta milango na madirisha yamechomwa kwa kupikia na waliolala humo, na mabati ya nyuma yameondolewa. Alipanda mwenyewe akafunika kwa majani, na majani yale tuliyabadilisha mara nyingi kabla ya kupata mabati ya mkono wa pili. Kuhusu mlangoni mwa kibanda hakuna aliyezungumza tena.

"Nisamehe, Baba," nilisema. "Nimechoka."

"Miye pia nimechoka," alisema. "Ile wali bado kavu. Kula."

Alinisukumia sufuria. Nilikula nikiwa nimempa mgongo, naye akageukia ukuta.

Kesho yake alikuwa na homa. Nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke, na kama kuna adabu iliyobaki tuliiacha njiani kwenye madimbwi. Walisema ni kifua, wakampa dawa, wakasema alale mahali pakavu. Nilitaka kucheka. Nilimpigia mume wangu pale pale kituoni nikamwambia ama aje yeye, ama atafute mtu wa kukaa kati yetu, kwa sababu mimi siwezi kumtoa baba yake jikoni kwa maneno. Nadhani ndipo naye alipoelewa. Akasema barabara imekatika kwa maji, magari hayapiti. Kisha akasema, "Nitamwita Shangazi."

Shangazi, dada mdogo wa baba mkwe, alikuwa anaishi Lokandu. Aliwasili siku mbili baadaye kwa mtumbwi wa moteri, amelowa mpaka kifuani, na kapu la samaki wa kukausha, kuku mmoja, na mto wake wa kulalia umefungwa ndani ya nailoni. Ni mwanamke mfupi, sauti yake inafika kabla yake. Alitazama uani: rundo la matofali, shitingi iliyoshonwa kwa kamba, matope, mafundi kwenye baraza. Alitazama ndani ya jiko.

"Kaka, toka huko," alisema, akinyoosha kidole kuelekea sebule. "Ninakuja kulala kwa salo. Kitanda yangu itakuwa katikati. Nani atasema kitu? Aje aniambie miye."

Baba mkwe alitoka. Alishika ukuta, akapiga hatua taratibu kuvuka uani, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti chake upande wa dirisha, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na tatu akawasha redio yake. Shangazi alitandika kando ya kitenge, upande wangu, karibu kabisa na nguo ile. Alikoroma. Alizungumza na kaka yake kupitia kitenge mpaka mmoja wao akaacha kujibu. Maneno yangu yote yalipitia kwake tena, kama zamani: "Muambie Baba dawa imefika saa." "Kaka, dawa." Ilikuwa inachosha kumsikiliza, na ilinipumzisha mabega.

Mafundi nao walipata mtu wao. Shangazi aliweka kiti kwenye baraza, akakaa nao. Fundi alipomwambia mvua ndiyo inakataza, alimwuliza kama katika miaka yake yote ya ufundi aliwahi kuona mvua ikikataza mtu kuchanganya simenti ndani ya chumba chenye shitingi. Fundi alijaribu "kesho mapema." Shangazi alimwambia kesho ni ya Mungu, yeye ashike mwiko. Sikumpenda kila siku. Aliondoa masufuria yangu mahali pake, alisema lituma yangu ya ndizi za kuponda ni laini mno, alimwaga maji ya kuoshea samaki mahali nilipokuwa nimeanika daftari za wanafunzi. Lakini kuta zilipanda. Mguu wa nyumba ulizungushiwa mawe, na mfereji tuliokuwa tumeufukia ukachimbwa tena.

Treni iliingia mwezi wa kumi ukielekea mwisho. Mabati yalikuwapo kweli, ingawa mawili yalikuwa yamekunjika kwenye kona. Yaliletwa nyumbani kwa mkokoteni, mvua ikinyesha juu yake, na mimi nilisimama mlangoni nikayatazama bila furaha yoyote. Nilidhani ningefurahi. Nilitaka tu yapande juu watu watoke uani kwangu. Ilichukua siku nane, kwa sababu walipigilia asubuhi na mvua ikawashusha mchana. Bati la mwisho la sehemu ya baba mkwe lilifungwa siku ya Alhamisi. Mume wangu alifika Ijumaa, matope mpaka magotini, akazunguka nyumba akitazama juu, akasema, "Si mmeona? Imekuwa nzuri." Shangazi na mimi tulitazamana.

Baba mkwe alihamia chumbani kwake kabla rangi haijapakwa. Nilitaka asubiri simenti ikauke vizuri, kwa ajili ya kifua. Alipitisha neno kwa dada yake kwamba amesubiri vya kutosha. Kikohozi kilimwacha baada ya Noeli. Hata hivyo hakurudi kuwa kama alivyokuwa: anatembea kidogo zaidi ya mlangoni, halafu anaomba kiti. Mimi najua siku zile za jikoni ziko ndani yake, na ninajua nilikuwa na uwezo wa kumwita Shangazi siku ya kwanza, kama ningekuwa nimeacha kukasirika nikafikiri.

Hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile ya mvua. Kitu kimoja tu kimebadilika. Siku nyingine, ninapoweka chakula kwenye meza ndogo na kusema "Baba, chakula," anajibu kutoka ndani, mwenyewe, "Asante, Mukwe. Mumerudi salama?" Nami najibu kwamba nimerudi salama. Halafu naenda zangu. Mume wangu hajui, na sijamwambia.

Shangazi hajaondoka. Alisema atakaa mpaka kaka yake apone, kisha mpaka barabara ikauke, ingawa yeye alikuja kwa mto. Sasa analala katika chumba kilichokuwa cha watoto na amepanda matembele nyuma, hatua tano kutoka ukutani, nilizompimia mwenyewe kwa miguu yangu. Baraza bado. Fundi anadaiwa siku tatu za kazi pale, nguzo mbili na kulainisha sakafu. Alipita jana kwa baiskeli nikiwa nimeketi juu ya mchanga uliobaki, navua viatu. Alisimama, akanisalimu vizuri, akauliza habari ya muzee. Akatazama mawingu upande wa mto.

"Kesho mapema, Mama," alisema.

Nilimwambia aje tu, Shangazi yuko.